Kifurushi cha Emacs: programu inayoishi ndani ya kihariri

Kwa watu wengi kihariri cha maandishi ni kitu kama Notepad: unafungua, unaandika, unahifadhi, unafunga. Mwambie mtu kwamba kuna kihariri ambacho watu humo humo husoma barua pepe, hupanga shughuli za wiki, hucheza Tetris na huandika programu za kuwagawia wengine, naye atakuuliza kwa nini basi kisiitwe kompyuta. Swali lake si la kijinga hata kidogo.

Kihariri chenyewe ni Emacs. Kilianza mwaka 1976 katika maabara ya akili bandia ya MIT, Marekani, kikiwa rundo la amri za mkato zilizopachikwa juu ya kihariri cha zamani zaidi kiitwacho TECO. Hiki tunachotumia leo, GNU Emacs, kiliandikwa upya na Richard Stallman na kuanza kusambazwa mwaka 1985. Kiini chake kimeandikwa kwa lugha ya C. Juu ya kiini hicho kuna mkalimani, yaani programu inayosoma maagizo na kuyatekeleza papo hapo, wa lugha iitwayo Emacs Lisp, na sehemu kubwa ya Emacs yenyewe imeandikwa kwa Lisp hiyo: menyu, kutafuta maneno, kupaka rangi msimbo (maandishi ya programu), hata kalenda. Mtumiaji anaruhusiwa kufika hapo hapo walipofika waliokiunda. Hiyo ndiyo maana ya kusema kihariri "kinapanuka". Huongezi kitufe pembeni tu, unaongeza viungo kwenye mwili wenyewe.

Sasa fikiria mpangaji. Yeye huongea na mwenye nyumba. Habari za maji, umeme na kodi ya jengo humalizana mwenye nyumba na wahusika. Mpangaji akihamia jengo jingine la mwenye nyumba yule yule, utaratibu ni ule ule. Programu iliyoandikwa kwa Emacs Lisp ni mpangaji wa namna hiyo. Haimjui Windows, haimjui Linux wala macOS, inamjua Emacs. Ikitaka kufungua faili, kuonyesha dirisha au kujua saa, inamwomba Emacs, naye ndiye anayekwenda kuhangaika na mfumo endeshi. Kwa hiyo mtu akisema programu "inabebeka", katika muktadha huu ana maana kwamba faili lile lile, bila kubadilishwa, linafanya kazi popote Emacs ilipo.

Kifurushi ni programu ya namna hiyo iliyotayarishwa kwa kugawiwa. Kinaweza kuwa mafaili mengi yaliyofungwa pamoja, lakini kinaweza pia kuwa faili moja tu. Tuchukue mfano wa kwetu: kutaja saa kwa hesabu ya Kiswahili, ambayo kompyuta haiijui.

```
;;; saa-kiswahili.el --- Taja saa kwa Kiswahili  -*- lexical-binding: t; -*-
;; Version: 0.1
;; Package-Requires: ((emacs "27.1"))

;;; Code:

;;;###autoload
(defun saa-kiswahili-sasa ()
  "Onyesha saa ya sasa kwa hesabu ya Kiswahili."
  (interactive)
  (let* ((muda (decode-time))
         (dakika (nth 1 muda))
         (saa (mod (- (nth 2 muda) 6) 12)))
    (message "Saa %d na dakika %d"
             (if (= saa 0) 12 saa) dakika)))

(provide 'saa-kiswahili)
;;; saa-kiswahili.el ends here
```

Hesabu yenyewe ni kutoa sita, basi. Saa 7:00 ya kompyuta inakuwa saa moja, na 18:00 inakuwa saa kumi na mbili. Kinachotuhusu zaidi ni mistari inayoanza na nukta mkato. Kwa mkalimani hayo ni maelezo tu, anayaruka. Kwa meneja wa vifurushi, yaani sehemu ya Emacs inayoviweka na kuvisimamia, ni hati ya kusafiria: jina, toleo, na Emacs ya chini kabisa inayotakiwa. Alama ya `autoload` humwambia Emacs kwamba amri hii ipo, ila faili lisisomwe mpaka mtu aiite. Ndiyo maana unaweza kuwa na vifurushi mia na kihariri bado kikafunguka kwa wepesi.

Utaona pia kwamba amri haikuitwa `sasa` tu, ina jina refu. Emacs Lisp haina kuta kati ya programu na programu. Majina yote yanakaa uani pamoja. Vifurushi viwili vikitumia jina moja, kilichopakiwa mwisho humfuta mwenzake bila kelele. Adabu iliyokubalika ni kila kitu kianze na jina la kifurushi chake. Wageni huona ni usumbufu, mpaka siku wanapofutiwa.

Faili hili halijafika hata kilobaiti moja. Mpe rafiki kwa flashi au kwa WhatsApp, aite amri `package-install-file`, imekwisha. Kwa anayehesabu bando kwa megabaiti, hiyo si habari ndogo. Lakini ukitaka liwafikie usiowajua, liende kwenye hazina, yaani ghala la vifurushi la mtandaoni. Meneja wa vifurushi amekuwa sehemu ya Emacs tangu toleo la 24 la mwaka 2012, na hazina rasmi ya kwanza ni GNU ELPA. Humo mwandishi hutakiwa kwanza kuikabidhi taasisi ya Free Software Foundation hakimiliki ya msimbo wake, kwa hati kabisa, sharti ambalo limewakimbiza wengi. NonGNU ELPA ililegeza hilo, na tangu Emacs 28 ya mwaka 2022 imo kwenye orodha bila mtumiaji kuiongeza. Ya tatu, MELPA, huiongezi mpaka utake mwenyewe, nayo ndiyo yenye maelfu ya vifurushi. Utaratibu wake unanifurahisha: hupeleki kifurushi, unapeleka mapishi, yaani mistari michache inayoeleza msimbo chanzo uko wapi. Seva yao huupitia kila mara, na kila unapobadilika hupika toleo jipya lenye namba ya tarehe. Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake ni kwamba kosa la mwandishi la jana usiku linaweza kuwa kwenye mashine yako leo asubuhi.

Na hakuna ngome. Kifurushi ulichoweka kina mamlaka yale yale uliyo nayo wewe: kinaweza kusoma mafaili yako, kuyafuta, kuyatuma kwingine. GNU ELPA huweka sahihi za kidijitali, lakini sahihi inathibitisha kifurushi kimetoka wapi, haithibitishi kwamba ni chema.

Kubebeka huku hupotea wapi? Karibu kila mara ni pale mpangaji anapomruka mwenye nyumba. Chukua saa yetu. Mwandishi mvivu angeweza kuacha `decode-time` na badala yake kuita amri ya `date` ya mfumo endeshi. Kwenye Linux angepata jibu. Kwenye Windows amri yenye jina hilo hilo huonyesha tarehe kisha humwomba mtumiaji aingize tarehe mpya! Hivyo hivyo, tuseme tunataka kompyuta iitamke saa kwa sauti. Kwenye macOS kuna amri ya `say`. Kwenye Linux mtu huenda ana `espeak`, huenda hana. Hapo programu haina budi kubisha hodi kwanza kwa `executable-find`, fanksheni inayoangalia kama chombo kipo, na kama hakipo ijiridhishe na maandishi.

Mafaili nayo yana mitego yake. Mtu akiandika njia ya folda kama ilivyo kwenye mashine yake, kifurushi kitakufa mlangoni pa mwingine. Fanksheni ya `expand-file-name` ipo kwa ajili hiyo hiyo, na Emacs hukubali mkwaju wa mbele hata kwenye Windows.

Kuna vifurushi ambavyo haviwezi kukwepa kutoka nje. Tangu Emacs 25 ya mwaka 2016 inawezekana kupakia moduli zilizoandikwa kwa C au lugha nyingine za aina hiyo. Kifurushi cha vterm, kinachoweka terminali kamili (dirisha la kuandikia amri za mfumo endeshi) ndani ya Emacs, hufanya hivyo, na anayekiweka lazima awe na vifaa vya kukompaili, yaani kugeuza msimbo chanzo kuwa lugha ya mashine, kwenye mashine yake. Kasi imepatikana, kubebeka kumepungua. Sikilaumu, terminali ya polepole haimfai mtu. Ila ni vyema mwandishi ajue anauza nini ili kununua nini.

Ukompaili wa kawaida hauna tatizo hilo. Faili la `.el` hugeuzwa kuwa `.elc`, msimbo wa baiti ambao mkalimani huusoma upesi zaidi na ambao haujafungwa kwenye aina ya prosesa. Emacs 28 ilileta hatua nyingine: mafaili ya `.eln`, yaliyogeuzwa kuwa lugha ya prosesa yenyewe. Hayo hayabebeki, wala hayagawiwi. Kila mashine hujitengenezea yake kutokana na Lisp ile ile, na hapo naona wamefanya busara: kinachosafiri ni maandishi, kinachokwenda kasi hubaki nyumbani.

Mpaka mwingine, ambao wengi huusahau, ni wa wakati. Anayetumia Emacs 30 huandika kwa fanksheni ambazo aliye na 27 hana. Ukitangaza `27.1` kwenye kichwa cha faili, umeahidi. Meneja atamzuia aliye chini ya hapo, lakini hatakukagua wewe kama umetimiza. Maktaba iitwayo `compat` huwaletea wenye matoleo ya zamani nyingi ya fanksheni mpya, na ndiyo njia ya kumaliza ugomvi huo bila kumlazimisha mtu apandishe toleo.

Mfano bora wa yote haya ni Org, aliyoianzisha mwanaastronomia Carsten Dominik mwaka 2003 ili apange madokezo yake. Ni Lisp kwa sehemu yake yote ya msingi, na mafaili yake ni maandishi ya kawaida tu. Ilisambaa mkono kwa mkono mpaka ikaingizwa ndani ya Emacs 22 mwaka 2007, na wapo watu waliojifunza Emacs kwa ajili yake tu.

Mwaka 2025 Emacs 30 ilifika rasmi kwenye Android. Faili letu la saa linaingia simuni bila kubadilishwa herufi moja, na linataja saa vile vile. Sehemu ya kutamka ndiyo itakayokaa kimya, mpaka mtu aandike njia ya kuiomba simu sauti.