Kompyuta Inavyolisoma Jani la Muhogo

Mkulima wa muhogo akiona jani lililojikunja na kuingia mabaka ya manjano, hahitaji muda mrefu kujua kwamba shamba limepata ugonjwa wa batobato, kwa kuwa jicho lake limezoea majani mazima tangu utotoni. Kompyuta haina mazoea hayo. Picha iliyopigwa kwa simu huifikia ikiwa jedwali la nukta ndogo ziitwazo pikseli, na kila pikseli ni namba tatu zinazoonesha kiasi cha nyekundu, kijani na bluu, kila kimoja kuanzia 0 hadi 255. Picha yenye upana wa pikseli 1,000 na kimo hichohicho ni namba milioni 3, na humo hamna "jani" wala "ugonjwa".

Taaluma ya kuzipatia namba hizo maana ndiyo huitwa maono ya kompyuta, jina ambalo kwa kweli linaisifu mashine kupita kiasi. Njia inayotumika sana leo ni mtandao wa nyuroni bandia, yaani programu ya hesabu zilizounganishwa kwa kuiga seli za ubongo, unaopitisha vichujio vidogo (hesabu fupi za kutafuta alama fulani) juu ya picha nzima: matabaka ya mwanzo hushika kingo na mabadiliko ya rangi, yanayofuata huziunganisha kingo hizo kuwa mishipa ya jani na madoa, na ya mwisho hukadiria iwapo mpangilio huo unaelekea kuwa batobato. Vichujio hivyo havitungwi na mtu. Mtandao huoneshwa picha nyingi ambazo wataalamu wamekwisha kuziandikia majibu, hukisia, hupimwa umekosea kiasi gani, kisha hurekebisha hesabu zake kidogo kidogo.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, mtandao uliofundishwa kwa picha za mihogo zilizopigwa mashambani nchini Tanzania ulitambua kwa usahihi asilimia 93 ya picha ambazo haukuwahi kuziona. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyozaa programu ya simu iitwayo Nuru, ambayo mkulima huweza kuitumia hata pasipo intaneti.

Hesabu za jamaa hiyohiyo hufungua simu kwa uso wa mwenyewe na kusoma namba za magari barabarani. Hata hivyo, mtandao hujua kile tu ulichofundishwa. Mwaka 2018, watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walionesha kwamba baadhi ya programu za kutambua jinsia kwa sura zilikosea hadi takriban asilimia 35 kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wanaume weupe kosa halikufika asilimia 1.

Kwa muhogo upo mpaka mwingine. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia huweza kuozesha mizizi ardhini huku majani yakionekana salama, na hapo kamera haina cha kusoma; mkulima hana budi kung'oa shina moja na kuukata muhogo autazame ndani.