"Mke wa mtu" katika filamu za ngono za Japani: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Filamu zile zinaonyesha wake wa Kijapani walivyo." Dhana hii ndiyo iliyoenea zaidi, na inawadhulumu wanawake wasiohusika kabisa. Neno hitozuma, yaani mke wa mtu, likiandikwa kwenye kasha la filamu ni jina la aina tu, kama tunavyosema filamu ya mapigano. Halithibitishi kwamba mwigizaji ana mume.

Mhusika huyu, mke wa mtu, ana historia. Novemba 1971 kampuni ya filamu ya Nikkatsu, iliyobanwa na hasara baada ya watazamaji kuhamia kwenye televisheni, ilianza mfululizo ulioitwa Roman Porno. Filamu ya kwanza ilimhusu mama wa nyumbani wa danchi, yale maghorofa yaliyojengwa kwa wingi baada ya shirika la nyumba la taifa kuundwa mwaka 1955. Vyumba viwili, jiko lenye meza ya kulia, mlango wa chuma wenye kitasa cha ufunguo. Mume katoka na treni ya asubuhi, atarudi usiku. Mke yuko ndani peke yake, hana mkwe wa kumchungulia. Upweke huo ulikuwa wa kweli. Visa vilivyojazwa nyuma ya mlango ule vilikuwa ndoto za wanaume.

Wengine husema Japani kila kitu ruksa. Sivyo. Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya mwaka 1907 kinapiga marufuku kusambaza picha chafu za ngono, ndiyo maana sehemu za siri hufunikwa kwa vimraba vya ukungu.

Linaloniumiza zaidi ni kisa kinachorudiwa mno: mke anakataa, analazimishwa, mwishoni anaridhika. Watu huamini ndiyo desturi ya huko. Sheria ya huko inasema kinyume: tangu mageuzi ya mwaka 2023, kujamiiana bila ridhaa ni kosa hata kati ya mume na mke, na limeandikwa waziwazi.

Na mwigizaji, je, akishatia saini ndiyo basi? Hapana. Sheria ya Juni 2022 inataka mkataba wa maandishi, mwezi mmoja upite kabla ya kurekodi, na miezi minne baada ya kurekodi kabla ya kuuza. Hata filamu ikishatoka, ana mwaka mzima wa kuvunja mkataba bila kutoa sababu wala kulipa fidia.