Matundu kwenye jani la sukuma wiki si cheti cha kilimo hai

Kwa mara nyingine tena nimeonyeshwa jani la sukuma wiki lililotobolewa na wadudu na kuambiwa kwamba matundu yake ndiyo ushahidi wa kilimo hai, yaani kilimo kisichotumia dawa wala mbolea za kemikali za viwandani. Safari hii ilikuwa soko la Kangemi, na muuzaji alikuwa akitoza fungu lake maradufu ya bei ya jirani yake. "Mama, hii haina dawa, angalia mwenyewe wadudu walivyokula," alimwambia mteja aliyekuwa mbele yangu, naye mteja akalipa. Kazi yangu ni kukagua mashamba ya kilimo hai katika kaunti za Kiambu na Machakos, na imani hii imenichosha, kwa sababu inamfanya mtu ambaye mshahara wake umekwisha kukatwa kila upande aongeze pesa kwa ajili ya mboga ambayo huenda imenyunyiziwa dawa nyingi kuliko ile aliyoikataa.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Anayetoboa sukuma wiki na kabeji zetu mara nyingi ni kiwavi wa nondo mgongo-almasi, na huyu ni miongoni mwa wadudu waliozoea dawa kwa haraka kuliko wengi duniani. Mkulima ananyunyizia, viwavi dhaifu wanakufa, sugu wanabaki na kuzaliana, naye mkulima anarudi wiki inayofuata na kipimo kikubwa zaidi au na mchanganyiko wa dawa mbili alioshauriwa na mwenye duka la pembejeo. Shamba la namna hiyo hutoa majani yenye matundu na mabaki ya dawa kwa pamoja. Tena tundu halizibiki. Jani likiliwa likiwa changa, tundu hukua pamoja na jani, na hata mkulima akinyunyizia dawa baadaye na viwavi vyote vikafa, tundu litabaki pale pale hadi siku ya kuvuna. Ukiligeuza jani na kulitazama kwa karibu utaona tofauti: jeraha la zamani lina ukingo mkavu, mweupe au wa kahawia, ilhali jeraha jipya lina ukingo wa kijani kibichi, na mara nyingi pembeni yake pana vijidirisha vyembamba ambapo kiwavi mdogo amekula nyama ya jani kutoka chini na kuacha ngozi ya juu ikipitisha mwanga. Majani yenye majeraha makavu tu, bila kiwavi, bila kinyesi chake, bila kidukari hata mmoja, yanaweza kuwa yametoka shamba lililonyunyiziwa juzi.

Isitoshe, tundu linazungumzia wadudu peke yao. Halisemi lolote kuhusu dawa ya magugu iliyomwagwa kabla ya kupanda, wala kuhusu dawa za ukungu, wala kuhusu mbolea ya chumvichumvi iliyotiwa shinani, na vyote hivyo vimekatazwa katika kilimo hai.

Upande wa pili wa imani hii unaniumiza zaidi, kwa sababu unawaadhibu wakulima bora ninaowafahamu. Kuna vikundi Limuru ambavyo majani yao ni safi kiasi kwamba wanunuzi wa Nairobi huwatilia shaka. Wamechanganya sukuma wiki na vitunguu na dania, wamebadilisha mazao kila msimu, wanamwagilia kwa kurushia maji juu ya majani ili kuwaangusha vidukari, na mambo yakizidi hunyunyizia mwarobaini au pareto. Naam, hunyunyizia. Kilimo hai kina dawa zake zinazoruhusiwa, na pareto iliyokuwa fahari ya nyanda zetu za juu ni mojawapo, maana huvunjika upesi ikipigwa na jua. Ndiyo maana muuzaji anayenijibu kwa haraka "hatutumii chochote kabisa" hunitia wasiwasi kuliko yule anayesema, "Jumanne iliyopita nilitia mwarobaini, vidukari vilikuwa vimezidi." Wa pili analijua shamba lake. Kwa hiyo swali la kuuliza sokoni si "ina dawa?", kwani jibu lake hujulikana hata kabla ya kuulizwa, bali ni "mara ya mwisho mlinyunyizia nini, na lini?"

Kuhusu mboga za kienyeji nitakuwa mfupi. Managu, terere na saga zilikuwa mboga za kuota zenyewe kando ya boma, na zikinunuliwa kwa mtu anayezichuma hivyo hadi leo ni chakula kizuri sana. Lakini tangu Nairobi izipende, managu hulimwa ekari kwa ekari, hutiwa mbolea ya kukuzia na kunyunyiziwa dawa ya vidukari kama sukuma wiki yoyote. Asili ya mbegu haikuambii ilivyolimwa. Mayai ya kienyeji ni vivyo hivyo: rangi ya kiini hutokana na alichokula kuku, na chakula cha dukani kinaweza kukipa rangi hiyo.

Na kuosha? Osha, kwa maji mengi yanayotiririka. Ile rangi nyeupe yenye ubuluu karibu na kikonyo cha nyanya ni dawa ya ukungu, nayo hutoka kwa kiasi kikubwa ukisugua. Chumvi na siki havifikii dawa zilizofyonzwa na mmea na kuingia ndani ya jani.

Ikiwa jicho haliwezi kutambua, basi ni nini kinachoweza? Jibu ni ufuatiliaji wa namna chakula kilivyolimwa. Afrika Mashariki ilipitisha kiwango chake cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai. Alama hiyo hupatikana kwa njia mbili: ukaguzi wa kampuni ya nje, ambao ni ghali na unafaa zaidi wanaouza nje ya nchi, au mfumo shirikishi tunaouita PGS, ambapo wakulima wa kikundi hukaguana wenyewe kwa kumbukumbu, ramani za mashamba na ziara, pamoja na mkaguzi kama mimi. Mwenye kutafuta nafuu atafute vikundi vya PGS, kwa sababu gharama ya cheti chao ni ndogo na haina haja ya kuangukia mfuko wa mnunuzi.

Hapa lazima niseme mambo ambayo vijitabu vya mafunzo huyapita kimyakimya. Tunachothibitisha ni mwenendo wa shamba, hatuthibitishi kila fungu la mboga. Vipimo vya mabaki ya dawa katika maabara ni ghali, na kikundi cha wakulima wadogo hakiwezi kuvimudu kila msimu. Mashamba ya Kiambu ni membamba. Safu ya matete mpakani hupunguza dawa inayopeperushwa kutoka kwa jirani, lakini siwezi kuapa kwamba huizuia yote. Samadi hununuliwa kwa wafugaji ambao malisho yao hatuyajui vizuri. Na kama mtu anakuuzia kilimo hai kwa ahadi kwamba kina vitamini nyingi zaidi, mwulize madai hayo ameyapata wapi, kwa sababu tafiti za suala hilo hazijakubaliana. Mimi nanunua kilimo hai kwa sababu ya dawa, ya udongo na ya afya ya mkulima anayebeba bomba la kunyunyizia mgongoni bila glavu.

Jambo linalonisumbua kuliko yote hapa mjini ni maji. Nduma na sukuma wiki zinazolimwa kando ya Mto Nairobi na Mto Ngong huenda hazijawahi kuguswa na dawa, ilhali zinanyweshwa maji taka ya makazi na viwanda. Metali nzito haziondoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Muuzaji anayesema "haina dawa" anaweza kuwa mkweli kabisa na bado mboga ikawa haifai, kwa hiyo uliza pia ilikotoka na ilinyweshwa nini.

Sasa pesa. Familia yenye bajeti finyu haina sababu ya kulipia kilimo hai katika kila kitu. Ningeweka nyongeza hiyo kwenye mboga za majani, nyanya, pilipili hoho na mishiri (zile maharagwe mabichi za French beans), kwa sababu ndiyo mazao yanayonyunyiziwa mara nyingi na kuvunwa mara kwa mara, kiasi kwamba siku za kusubiri baada ya kunyunyizia hazizingatiwi. Kumbuka kwamba Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa mishiri yetu mwaka 2013 kwa sababu ya mabaki ya dawa. Fungu linalouzwa mtaani halina mlango wa kukaguliwa namna hiyo. Nyanya ziko pabaya zaidi tangu Tuta absoluta, nondo ambaye viwavi vyake hutoboa majani na matunda ya nyanya, alipoingia nchini mwaka 2014, na miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, ukungu huongeza mzigo wa dawa juu yake. Miezi hiyo punguza nyanya badala ya kutafuta za kilimo hai kwa bei ya dhahabu. Viazi vitamu, muhogo, malenge, ndizi na parachichi za wakulima wadogo hupata dawa kidogo au hazipati kabisa. Zinunue za kawaida bila wasiwasi. Na ikiwa nyongeza hiyo itapunguza kiasi cha mboga kwenye sahani za watoto, acha kilimo hai, nunua mboga za kawaida na uzioshe. Nasema hivyo kwa moyo mzito, lakini nasema.

Sehemu kubwa ya bei kwenye duka la Karen au Westlands haitoki shambani. Ni ufungaji, friji, mboga zinazotupwa na usafiri wa mizigo midogo midogo, ambao uligharimu zaidi baada ya kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023. Njia inayofanya kazi ni majirani wa ploti au jengo moja kuagiza pamoja kutoka kikundi kimoja, mzigo mmoja kwa wiki, pesa zikitumwa kwa M-Pesa, kila nyumba ikipokea kilichokomaa badala ya kuchagua. Mama mboga wa mtaani anaweza kuwa mpokeaji wa mzigo huo akapata faida yake. Wengi niliozungumza nao wanakubali wakihakikishiwa wateja.

Agizo kama hilo lianze mvua zikishatulia, Mei au Desemba, majani yanapokuwa mengi na vikundi vinapokuwa na ziada inayooza. Ukianza Februari, katikati ya kiangazi, kikundi hakitakuwa na cha kukupa, na utaambiwa bei itakayokukatisha tamaa. Maharagwe nayo nunua kwa gorogoro moja kwa moja kutoka kwa mkulima mara tu baada ya mavuno, kabla hayajapakwa unga wa kuua wadudu ghalani, kisha yakaushe vizuri na uyafunge kwenye mfuko usiopitisha hewa.