Anzia chini: namna ya kutazama hazina za Urusi makumbusho

Mtu akiingia kwenye ukumbi wa hazina za Urusi, macho hukimbilia yai la Fabergé, yaani pambo la madini ya thamani na vito lililotoka kampuni ya sonara ya St Petersburg, na swali linalofuata ni bei. Simlaumu. Vitu hivi vilitengenezwa makusudi vimshangaze anayevitazama. Ila sisi watunzaji, tukikabidhiwa chombo cha aina hiyo, kwanza tunavaa glavu na kukigeuza juu chini. Upande wa juu uliandaliwa kwa ajili ya wageni wa karamu. Upande wa chini umebeba alama za fundi, za mkaguzi wa serikali, na mara nyingine za mapinduzi ya mwaka 1917 yenyewe. Ndiyo maana baadhi ya makabati huwekewa kioo cha kujitazamia chini ya chombo, na mgeni asiyeinama kukitazama hupitwa na mengi.

Mifano yangu mingi nitaitoa Hillwood, jijini Washington. Ni nyumba aliyoinunua Marjorie Merriweather Post, tajiri wa Kimarekani, mwaka 1955, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 1977, na nje ya Urusi ni vigumu kupata mkusanyo mwingine mkubwa kiasi hicho wa sanaa ya enzi za Tsar, mfalme wa Urusi. Ndugu zetu wanaoishi Maryland na Virginia wanaweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Tuanze na tarakimu. Urusi ya Tsar haikupima usafi wa dhahabu kwa karati. Ilitumia kipimo cha zolotniki, ambapo 96 ni madini safi yasiyochanganywa na kitu. Kwa hiyo dhahabu iliyogongwa 56 ni sawa na karati 14, na iliyogongwa 72 ni karati 18. Kwenye fedha tarakimu utakayokutana nayo mara nyingi ni 84, yaani sehemu 84 kati ya 96, ambayo ni asilimia 87.5. Kando ya tarakimu huwa kuna alama ya mji: nanga na fimbo ya kifalme zilizopishana ni St Petersburg, na Mtakatifu Georgi akimchoma joka ni Moscow. Kuanzia mwaka 1899 alama hizo za miji zilibadilishwa, ikaja moja ya nchi nzima: kichwa cha mwanamke aliyevaa kokoshnik, kile kilemba kirefu cha kike cha Kirusi. Hadi mwaka 1908 mwanamke huyo alitazama kushoto; baada ya hapo akageuzwa kulia. Basi ukionyeshwa bakuli na kuambiwa lilikuwa zawadi ya harusi ya mwaka 1890, nawe ukaona kichwa cha mwanamke kimegongwa chini yake, jua ama alama ama hadithi si ya kweli.

Alama ninayoipenda mimi ni ya herufi mbili tu. Karibu kila mtu humdhania Carl Fabergé kuwa sonara aliyekaa na nyundo na koleo akitengeneza mayai. Alikuwa mkuu wa kampuni. Baba yake, Gustav, aliianzisha St Petersburg mwaka 1842. Carl akaishika mwaka 1872, na kazi yake ilikuwa kubuni, kukagua na kukataa. Utengenezaji wenyewe ulifanywa kwenye karakana zilizoongozwa na mafundi wakuu, na kila fundi mkuu aligonga herufi za jina lake kwenye kazi iliyotoka mikononi mwa watu wake. Ukiona М.П. kwa herufi za Kirusi, hiyo ni karakana ya Michael Perchin, mtoto wa wakulima kutoka maeneo ya Petrozavodsk, aliyesimamia mayai mengi ya kifalme hadi alipofariki mwaka 1903. H.W. ni Henrik Wigström, Mfini aliyemrithi. Wafini walikuwa wengi katika karakana hizo, kwani Finland wakati huo ilikuwa chini ya Tsar.

Mfumo huo wa herufi, hata hivyo, ulimpa sifa fundi na kumsahau mchoraji. Alma Pihl alikuwa binti wa ukoo wa mafundi wa Kifini waliofanya kazi kwa Fabergé, na kwenye karakana ya mjomba wake kazi yake ilikuwa kuchora michoro. Yai la Majira ya Baridi la mwaka 1913, linaloonekana kama barafu iliyogandia kioo cha dirisha, alilibuni yeye. Yai la Mosaiki la mwaka 1914, linalofanana na kitambaa kilichotariziwa kwa vito, ni lake pia. Baada ya mapinduzi alihamia Finland akawa mwalimu wa kuchora katika shule ya mji wa Kuusankoski, na kwa miaka mingi wanafunzi wake hawakujua kwamba mwalimu wao aliwahi kubuni mayai ya Tsar. Ukigeuza mayai hayo mawili juu chini, jina lake hulikuti.

Kuhusu mayai yenyewe sitasema mengi, maana yamesemwa sana. Tsar Alexander III aliagiza la kwanza mwaka 1885 kama zawadi ya Pasaka kwa mkewe, Maria Feodorovna. Mwanawe Nicholas II akaendeleza desturi kwa kutoa mawili kila mwaka, moja kwa mama yake na moja kwa mkewe, isipokuwa mwaka 1904 na 1905. Jumla yaliyokabidhiwa ni 50. Hillwood inayo mawili. Moja, la mwaka 1914, limepewa jina la Malkia Catherine na lilitoka karakana ya Wigström. Ndani yake kulikuwa na kishangazi, yaani kitu kidogo kilichofichwa ndani ya yai ili kumshangaza anayelifungua, nacho kimepotea: kiti kidogo cha kubebwa, chenye mtambo wa kukisogeza, Catherine amekaa ndani na watu weusi wawili wakimbeba. Mgeni kutoka Afrika ana kila haki ya kutulia hapo na kujiuliza kwa nini mabwana wa Ulaya walipenda kututia kwenye mapambo yao tukiwa wabebaji. Nami ningependa maelezo ya kabatini yaliseme hilo waziwazi.

Ile rangi inayong'aa kama maji yenye jua huitwa enameli. Fundi huchonga kwanza mistari myembamba ya mawimbi au miale juu ya dhahabu au fedha kwa mashine maalumu. Kisha hupaka unga wa kioo uliotiwa rangi na kuutia kwenye tanuri la nyuzi 700 hadi 800 za Selsiasi, ukayeyuka na kushikamana na madini. Hupoza, hupaka tena, huchoma tena. Kila safari ya tanurini ingeweza kuupasua kioo na kuharibu kazi ya wiki nzima. Kwa kuwa rangi inapitisha mwanga, mistari iliyo chini yake huonekana ikicheza kila unaposogeza kichwa. Picha ya simu hainasi jambo hilo. Inabidi usimame pale, usogee kushoto, usogee kulia.

Mawe nayo yana hila yake. Vile vyombo vikubwa vya malakaiti ya kijani, vinavyofikia kimo cha mtu, ndani ni jiwe la kawaida au chuma. Mafundi wa Urusi walikata malakaiti ya milima ya Ural vipande vya milimita chache, wakavipanga mishipa ya kijani ikafuatana, wakagandisha na kung'arisha mpaka viungo visionekane. Wasomaji wa Lubumbashi na Kolwezi wanalijua jiwe hili vizuri, kwani machimbo ya shaba ya Ural yalipopungukiwa, Katanga ndiyo ikawa moja ya vyanzo vikuu vya malakaiti duniani.

Tukirudi chini ya chombo, hakuna mahali pa kuvutia kama chini ya sahani za kaure. Kiwanda cha Kifalme cha Kaure kilianzishwa St Petersburg mwaka 1744, na kilikuwa na kawaida ya kuweka chini ya kila sahani herufi ya mtawala wa wakati huo. Mapinduzi ya mwaka 1917 yalipokuja, ghala lilikuwa na shehena ya sahani nyeupe zenye alama ya Nicholas II ambazo hazijachorwa. Serikali mpya haikuzitupa. Wachoraji walizipamba kwa nyota nyekundu na kaulimbiu, alama ya Tsar ikazibwa kwa doa la rangi, na pembeni ikachorwa nyundo na mundu. Kuna nyingine hazikuzibwa, na alama zote mbili zinasomeka: sahani moja, serikali mbili. Iliyo maarufu zaidi, ya Mikhail Adamovich, ina sura ya Lenin na maneno "Asiyefanya kazi na asile". Aliyekua Tanzania enzi za Ujamaa anayajua maneno hayo. Inachoma zaidi ukikumbuka kwamba wakati huo Urusi ilikuwa na njaa.

Vyombo hivi vilitokaje nchini? Wengine hudhani vilibebwa na watoro. Vipo vya namna hiyo, lakini sehemu kubwa iliuzwa na serikali yenyewe. Mali za makanisa zilitwaliwa mwaka 1922. Mpango wa Miaka Mitano ulipoanza mwaka 1928, zilihitajika fedha za kigeni za kununulia mitambo, na idara iliyoitwa Antikvariat ikapewa kazi ya kuuza sanaa. Katika miaka ya 1930 na 1931, Andrew Mellon wa Marekani alinunua michoro 21 ya makumbusho ya Hermitage kwa dola milioni 6.65. Mfanyabiashara Armand Hammer aliuza vitu vya Tsar kwenye maduka makubwa ya Marekani, karibu na nguo na viatu. Post aliishi Moscow mwaka 1937 na 1938, mumewe Joseph Davies akiwa balozi, na huko vikombe vya altare vya fedha viliuzwa kwa uzito, kama chuma chakavu. Ukiona kalisi, yaani kikombe kama hicho, Hillwood, jua kwamba iliwahi kushika divai ya misa mahali fulani kabla ya kuwekwa kwenye mizani.

Sasa onyo. Kwa kuwa alama zina thamani, ndizo mlaghai anazoanza kuziiga. Makumbusho ya sanaa ya Virginia, mjini Richmond, yana mayai matano ya kifalme aliyoyaacha Lillian Thomas Pratt kwa wosia mwaka 1947, na pia vitu alivyouziwa kama Fabergé na sivyo. Wameviweka hadharani kwa ajili ya kufundishia. Kwenye kazi halisi bawaba hufunga kimya bila kulegea na ndani kumesafishwa sawasawa na nje. Mwigaji hukomea kwenye alama.

Huenda wewe mwenyewe unacho kitu cha kugeuza. Wazee wetu wengi waliosoma Moscow, Kiev au Leningrad walirudi na samawari na vishikio vya bilauri za chai. Kishikio kikiwa na 875 pamoja na nyota yenye nyundo na mundu, ni fedha ya enzi ya Kisovieti. Kikiwa na herufi МНЦ, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, bila fedha ndani yake. Kwa vyovyote usikisugue kwa majivu wala dawa ya kung'arishia sufuria, kwa sababu alama hizo ni ndogo na hufutika upesi. Zipige picha kwanza, karibu, ukiweka rula pembeni, na umwombe mzee akuandikie alikipata wapi na mwaka gani.