Uchumi Ukibana, Mchoraji wa Sura Barabarani Apunguze Nini?

Pesa zikiadimika, watu hudhani sisi tunaochora sura za wapita njia ndio wa kwanza kulala njaa, maana picha hailiwi. Kazi hupungua kweli, siwezi kukataa. Lakini zinazotoweka mwanzo ni zile kubwa: picha ya rangi, ya saa nzima, ya kutundikwa sebuleni. Picha ndogo ya mkaa inayochukua dakika 15 huendelea kuuzika hata miezi ikiwa mibaya. Mzazi aliyeahirisha safari na kuahirisha kununua kochi bado anatamani mwanawe achorwe kabla hajabadilika sura.

Kwa hiyo napunguza. Karatasi iwe nusu, rangi ziondoke, nguo na mabega viishie kwenye mistari michache, na bei ishuke sawasawa na kazi iliyoshuka. Kuuza kazi ileile kwa bei ya kutupa sikubali, kwa sababu hali ikitengemaa hakuna atakayekulipa zaidi ya alichozoea. Na kuna kitu kimoja ambacho kisu hakikigusi: picha kumfanana mwenyewe. Mteja anaweza asijue kasoro iko wapi, ila atajua papo hapo kwamba huyu si mama yake.

Wanaoanza kazi hii hukimbilia macho. Kufanana kunatokana kwanza na maumbo makubwa: fuvu lilivyo, upana wa mashavu ukilinganishwa na paji la uso, mstari wa macho umeinamia upande gani. Macho ya mtu mzima yako karibu katikati kabisa, kati ya utosi na kidevu. Wengi huyapandisha juu kwa kusahau kwamba juu ya nyusi bado kuna kichwa kingi. Ya mtoto mdogo yako chini ya hapo kidogo, na ukiyaweka katikati umemzeesha. Nikiwa na dakika 15, theluthi ya kwanza nzima sigusi jicho. Mdomo nauacha mwisho. Tabasamu la kujitengeneza halidumu hata dakika moja, linageuka kuwa ukakamavu, basi namzungumzisha mteja habari zake mpaka asahau kwamba anachorwa, ndipo naushika.

Haya yote watu wanayatazama. Mteja wa pili hutoka kwenye kundi lililosimama nyuma ya mgongo wangu, na kundi hilo huona kabla ya aliyeketi kama sura imepatikana au imepotea. Siku ya ukame sikai bure: namwomba jirani mwenye biashara yake aketi nimchore, kwa sababu mkono unaotembea ndio unaosimamisha watu. Bei naiandika kubwa mahali pa kuonekana. Mwenye pesa kidogo huona haya kuuliza, atapita tu. Sampuli ninazotundika ni zile zilizochorwa papo hapo, kwa muda uleule ninaouuza. Kutundika picha ya mtu maarufu uliyoihangaikia nyumbani wiki nzima ni kumdanganya mteja.

Shida hii si ya leo. Mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowakosesha wachoraji wa New York wanunuzi, walitoa picha zao nje na kuzipanga kwenye njia za miguu karibu na bustani ya Washington Square. Baadaye serikali ya Marekani iliajiri maelfu ya wasanii kupitia mradi wa Federal Art Project, ulioanza mwaka 1935 na kufungwa 1943, wakalipwa kuchora na kufundisha. Natamani serikali nyingi zaidi zingelikumbuka hilo kila uchumi unapoyumba. Hata penseli tunayoshika ni mtoto wa dhiki: vita viliifungia Ufaransa grafiti ya Uingereza, yaani ile kaboni nyeusi laini ya ndani ya penseli, na mwaka 1795 Mfaransa Nicolas-Jacques Conté akapata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kuchanganya unga wa grafiti na udongo wa mfinyanzi kisha kuuchoma.

Mkaa nao unaweza kujitengenezea. Chukua vijiti vyembamba vya mti laini, vibandue maganda, vikauke, uvishindilie kwenye kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo. Liweke motoni. Moshi utatoka tunduni, ukikoma, vimeiva. Usifungue kopo likiwa la moto, hewa ikiingia vijiti vitawaka vyote vigeuke majivu.

Kwenye mkaa basi okoa pesa, kwenye karatasi usiokoe. Karatasi ya bei ya chini kabisa ina asidi, hugeuka njano na kukatika mapema. Vilevile wapo wanaopulizia dawa ya nywele badala ya dawa halisi ya kugandisha mkaa. Inashika, lakini baada ya muda yaweza kuacha umanjano. Aliyekupa pesa yake ya akiba hastahili hilo. Mimi malipo ya kwanza ya siku ni ya karatasi, hata kama hakuna mteja mwingine atakayekuja. Na kila anayeondoka namweleza: ukiweka picha kwenye fremu, kioo kisiiguse, tenganisha kwa ukanda wa kadibodi, la sivyo mkaa utahamia kwenye kioo.