Namba ya Kwenye Boksi Haikupimwa Mguuni Mwako

Juzi mgonjwa mwingine ameniwekea boksi mezani na kunieleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kufunga mjadala, kwamba soksi zake za tiba, zile za kugandamiza miguu, "zinabana 30", yaani milimita 30 za zebaki, kipimo cha mgandamizo. Zinabana 30 wapi, mama? Namba ile imetokana na mashine iliyoitanua soksi maabara, ikapima mvutano wa nyuzi, kisha mgandamizo ukakokotolewa kwa kifundo cha mguu wa mfano. Mguu wako haukuwapo.

Madaraja ya mgandamizo wa soksi hizi nayapita haraka. Daraja la 2 la Ujerumani ni milimita 23 hadi 32 za zebaki, la Uingereza ni 18 hadi 24, kwa hiyo usimwambie shemeji aliyeko London akutumie "daraja la 2" tu, halafu basi.

Kinachonikera ni kanuni ya Laplace, isemayo kwamba mgandamizo hutegemea mvutano wa kitambaa na ukubwa wa mviringo kinaouzunguka, kutajwa nusu. Ni kweli kwamba, kwa mvutano uleule, penye mpindo mkali hugandamizwa zaidi. Ndiyo maana ukipenyeza kihisi, kifaa chembamba cha kupima mgandamizo, chini ya soksi, namba hupanda juu ya ukingo wa ugoko na kushuka mno katika kibonde cha nyuma ya jicho la mguu, ilhali soksi ni ileile. Wenzangu hurukia hapo kusema kwamba mguu mnene, basi, hubanwa kidogo. Sivyo! Mguu mnene huitanua soksi zaidi, mvutano nao hupanda, na mara nyingi kupanda huko huzidi kile kilichopunguzwa na ukubwa wa mviringo. Aliyeuziwa saizi ndogo anaweza kubanwa kupita alivyoandikiwa, na kama mishipa yake ya ateri ni mibovu, hilo si jambo la mzaha.

Mimi hupima pale shavu la mguu linapoanza kuwa kano ya kisigino, mgonjwa akiwa amelala, kisha amesimama, kwa sababu namba moja bila mkao haina maana. Hata hivyo, kihisi nacho kina unene wake, nacho hukiinua kitambaa na kujipandishia namba. Nimewahi kupima mguu mmoja mara tatu, nikikisogeza sentimita moja tu, nikapata 24, 29 na 22. Nikaandika 25, wala sikujivunia.

Mama wa boksi alipata 17 akiwa amelala. Boksi lilikuwa safi kabisa. Soksi zenyewe alikuwa amezifua kwa maji ya moto kwa mwaka na nusu.