Filamu Kali za Marekani za Miaka ya 1970: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kila nikizitaja filamu hizi ninazozipenda, zile za mitaa michafu na askari waliochoka, husikia kwamba zilipigwa hovyo: watu walibeba kamera, wakaingia mtaani, wakarekodi walichokikuta. Maneno hayo huniuma, maana yanafuta kazi ya watu.

Tazama Dog Day Afternoon ya Sidney Lumet (1975), inayotokana na tukio la kweli la uvamizi wa benki Brooklyn, New York, Agosti 1972. Joto la siku ile unalihisi mpaka mgongoni, na wengi huamini lilikuwepo. Halikuwepo. Picha zilipigwa baridi ikiwa imeshaanza, na waigizaji walitafuna vipande vya barafu kabla ya kusema mistari yao ya nje, ili mvuke wa pumzi usionekane. Benki nayo waliijenga wenyewe. Muziki? Ukishapita wimbo wa mwanzo, hausikii tena muziki wa kukuambia uogope lini. Unabaki na kelele za umati, simu na helikopta. Hata maneno yanayoonekana kumtoka mwigizaji mkuu, Al Pacino, papo hapo, mengi yalizaliwa kwenye mazoezi, yakarekodiwa, kisha mwandishi Frank Pierson akayaingiza kwenye muswada. Pierson alipata Oscar kwa kazi hiyo.

Kweli, kuna yaliyobuniwa mbele ya kamera. Katika Taxi Driver (1976), muswada wa Paul Schrader ulisema tu kwamba Travis, yule dereva wa teksi, anajisemesha kwenye kioo. Maneno ni ya Robert De Niro, aliyemwigiza. Lakini tukio moja lisifanywe kanuni ya muongo mzima.

Mean Streets (1973) nayo husifiwa kuwa New York tupu. Sehemu kubwa ilipigwa Los Angeles, kwa sababu fedha zilikuwa chache. Mwongozaji wake, Martin Scorsese, alikulia mitaa ile ya Little Italy, New York, akaibeba kichwani.

Wengine hudai kwamba filamu hizi zililichafua jiji kupita kiasi. The Taking of Pelham One Two Three (1974) inasema kinyume: mamlaka ya usafiri ya New York haikutaka michoro ya rangi ionekane kwenye mabehewa, wakati treni halisi za chini ya ardhi zilikuwa zimejaa michoro hiyo. Kwa hiyo treni za kwenye filamu ni safi kuliko za kweli!

Dhana inayonisumbua zaidi ni kwamba filamu hizi zilimtukuza askari mbabe. Sisi tumezoea kwamba stelingi hafi wala hashindwi. Sasa mwangalie Popeye Doyle wa Gene Hackman katika The French Connection ya William Friedkin (1971), filamu iliyozoa Oscar 5, ikiwemo ya filamu bora. Doyle ni mbaguzi, mkorofi, na kwenye lile jengo bovu la mwisho anampiga risasi askari mwenzake wa serikali kuu akidhani ni adui. Hashtuki. Anapakia risasi nyingine na kutokomea gizani. Mlio mmoja wa risasi unasikika, kisha maandishi yanatuarifu kwamba Charnier, mkubwa wa heroini ambaye Doyle alikuwa akimsaka tangu mwanzo, hakukamatwa kamwe.